Mzazi wa Dodoma, uliza kampasi kabla ya kuuliza chuo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wazazi na vijana wa kanda ya kati wanaojaza maombi ya vyuo vikuu msimu huu, hasa wale ambao katika orodha yao wameandika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, Unguja imesogea karibu nasi. Anayepanda treni ya alfajiri hapa mjini anaweza kulala Unguja usiku uleule. Lakini urahisi wa kufika umewafanya wengi wasahau kupiga hesabu ya kukaa. Safari ni ya siku moja, shahada ni ya miaka mitatu au zaidi.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo baadhi ya waombaji wanapotea kabla hata ya kuvuka bahari. Tunguu, nje ya mji wa Unguja, kuna vyuo vikuu viwili. Kimoja ni SUZA, cha serikali, kilichoundwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 ya Baraza la Wawakilishi na kuanza kufundisha mwaka 2001. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Zanzibar, maarufu kwa jina la Zanzibar University, nacho ni cha binafsi. Kwa Kiswahili majina hayo yanatenganishwa na neno moja tu, "Taifa". Ukiliruka neno hilo kwenye mfumo wa maombi umeomba chuo kingine, chenye ada nyingine. Abdulrahman Al-Sumait cha Chukwani nacho ni cha binafsi. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja lakini ni mali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho ni cha umma, kina tawi lake Bububu. Kwa hiyo anayesema "nataka chuo cha serikali kisiwani" bado hajachagua kitu. Afungue mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, atafute kozi anayoitaka, aone imeandikwa chini ya chuo kipi.

Sasa jambo lenyewe lililotufanya tuandike. Mtu wa Dodoma akisikia "chuo kikuu cha serikali" picha inayomjia ni Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM: mlima wa Chimwaga, ndaki zimepangwa upande huu na ule, mabweni, zahanati, benki, na daladala zinazopanda kutoka mjini. Mwanafunzi anaweza kubadili jengo la masomo na asihame chumba. SUZA hakikujengwa hivyo. Kimekua kwa kuunganishwa na taasisi zilizokuwapo tangu zamani, na kila taasisi ilibaki mahali pake. Kiswahili na lugha za kigeni kilianzia Vuga, mjini kabisa, ilipokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI. Ualimu ulirithi kampasi ya Nkrumah iliyoko Beit el Ras, kaskazini ya mji. Utalii uko Maruhubi, afya Mbweni, masuala ya fedha na uongozi Chwaka, kilimo Kizimbani, na makao makuu Tunguu. Kuna kampasi pia Pemba, kisiwa kingine kabisa. Fungua ramani uzitazame. Chwaka ni pwani ya mashariki, mji uko pwani ya magharibi, na Tunguu ni katikati njia ya kusini. Ukisema mwanao anasoma SUZA hujasema anaishi wapi.

Ndiyo maana tunasisitiza: swali la kwanza ni kampasi. Na usiulize ya mwaka wa kwanza tu. Kozi zimewahi kuhamishwa kutoka kampasi moja kwenda nyingine kadiri majengo yalivyoongezeka, na somo la pamoja linaweza kufundishwa mbali na kampasi ya kozi yako. Uliza hivi: mwaka wa kwanza vipindi viko wapi, wa pili wapi, wa mwisho wapi, na maabara au mafunzo ya vitendo yako wapi. Jibu liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi kutoka ofisi ya udahili, kwa sababu utalitumia kupanga chumba.

Kosa la kawaida ni hili. Mwanafunzi anafika, anasikia Tunguu ndiyo makao makuu, anapanga chumba huko na kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wanavyotaka. Wiki ya pili ratiba inatoka, vipindi vingi viko Beit el Ras. Anapanda daladala hadi mjini, anashuka, anapanda nyingine ya njia ya Bububu, na jioni anarudia. Tuseme kwenda na kurudi kunamgharimu Sh2,000 kwa siku. Kwa siku 5 za wiki na wiki 15 za muhula hizo ni Sh150,000, na kwa mihula miwili ni Sh300,000, ambazo hazikuandikwa popote kwenye bajeti ya nyumbani. Kiwango cha Bodi ya Mikopo, HESLB, cha chakula na malazi kimekuwa Sh10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Nauli hiyo peke yake inameza moja ya tano yake, na bado hajanywa chai. Muda ndio unaouma zaidi, kwa sababu kipindi cha saa moja asubuhi kinamtoa ndani alfajiri.

Dawa yake ni rahisi. Fika siku nne au tano kabla ya usajili, lala mahali pa muda, pata ratiba, kisha ndipo utafute chumba. Ukipewa nafasi ya dahalia, yaani bweni kwa lugha ya kule, ichukue walau mwaka wa kwanza, lakini uliza mapema dahalia hiyo iko kampasi ipi na kama nafasi inagawiwa kwa maombi ya mtandaoni au kwa anayewahi kufika. Usihesabu kitanda cha dahalia kabla hujapewa namba ya chumba.

Kuhusu mkopo, kijana wa bara anayesoma Zanzibar anaomba HESLB kama mwenzake wa UDOM. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ni nyingine, nayo ni ya Wazanzibari. Vyeti vya kuzaliwa vya waliozaliwa bara, na vya vifo vya wazazi waliofia bara, vinahakikiwa na wakala wa usajili wa bara, RITA. Lakini ikiwa mzazi alifia Zanzibar, au mwombaji alizaliwa huko, uhakiki unafanywa na wakala wa usajili wa Zanzibar, ZCSRA. Familia nyingi zenye asili mbili hukwama hapo hadi dirisha linafungwa. Na pesa ya mkopo ya kujikimu, bumu kama wanafunzi wanavyoliita, haitoki siku unayoripoti. Bumu linasubiri usajili ukamilike na mwanafunzi asaini. Mwenzake aliyebaki Dodoma, likichelewa, anakula kwa shangazi Area C au Nkuhungu. Yule wa kisiwani hana shangazi. Mpeni pesa ya kula ya mwezi mmoja na nusu mkononi, mbali na kodi.

Tukija kwenye safari, tuseme wazi kwamba Mtanzania haendi Zanzibar kwa pasipoti. Anahitaji kitambulisho, na cha NIDA ndicho kinachompa nauli ya mkaazi bila maswali. Vijana wengi wa miaka 18 na 19 hawana kadi bado, basi wafuatilie angalau namba mapema. Nauli ya daraja la kawaida ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ilitangazwa Sh31,000, na mwendo ni kama saa nne. Boti ya kasi hadi bandari ya Malindi ni kama saa mbili. Kinachoharibu hesabu ni katikati. Kwa ratiba ya kawaida boti za kasi za mwisho huondoka Dar es Salaam kama saa kumi jioni, na abiria anatakiwa awe bandarini mapema akaguliwe mzigo. Treni ya kuanzia saa tano asubuhi kuja mchana inakufikisha Dar es Salaam umechelewa ukaguzi au boti imekwisha kuondoka, ukalale gesti, na gesti ya Kariakoo pamoja na chakula inaweza kuzidi nauli ya treni. Kata tiketi ya treni ya mapema, ndipo ukate ya boti. Wa Singida na Manyoni wao waongeze basi la hadi Dodoma, na mara nyingi wataongeza na usiku mmoja.

Bahari ina majira yake, na watu wa bara tunayapuuza kwa kuwa hatujayaona. Kaskazi huvuma kama Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, na ndiyo yenye mawimbi makubwa, hasa Juni hadi Agosti. Angalia kalenda ya chuo uone kufunga mwaka kunaangukia wapi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, vyombo vinaweza kuahirishwa, na mwenye tiketi ya treni ya jioni hiyohiyo anapoteza tiketi. Kipindi cha kusi acha siku moja kati ya boti na treni. Anayechafukwa na bahari ale kidogo, ameze kidonge cha kuzuia kichefuchefu kama saa moja kabla ya kung'oa nanga, na akae sehemu ya chini, katikati au nyuma, kwa sababu mbele ndiko chombo kinakopanda na kushuka zaidi.

Wazazi wanaokumbuka MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012 wana haki ya kuogopa. Hofu hiyo igeuzwe kanuni ya nyumbani: mtoto apande chombo chenye kutoa tiketi kwa jina lake, na akiona watu wanaendelea kupakiwa baada ya viti kujaa, ashuke. Tiketi inayopotea ni shilingi tu.

Kuna jambo ambalo familia hazipendi kulitaja. Kwetu mtu akifariki leo, mara nyingi anazikwa kesho au keshokutwa. Kijana wa UDOM anafika Mpwapwa au Kondoa kwa basi la asubuhi. Wa Unguja akipata habari saa kumi na mbili jioni hawezi kutoka hadi boti ya kesho, na wa Pemba ana bahari mbili za kuvuka. Inawezekana asiwahi kumzika bibi yake. Ongeeni kabla hajaondoka: ni misiba ipi atarudi, ipi hatarudi, na nani atampigia simu. Kisha awekewe pesa ya safari moja kamili, treni, boti na daladala, isiyoguswa kwa kitu kingine chochote mwaka mzima.

Maisha ya kule yana taratibu zake, na anayezijua hapati shida. Mgeni anayepanga uraiani anajitambulisha kwa sheha wa shehia, ngazi inayokaribiana na mwenyekiti wetu wa mtaa. Beba barua ya udahili, kitambulisho na picha, nenda na mwenye nyumba. Usingoje mpaka uhitaji barua yake, maana sheha asiyekujua hawezi kukuandikia. Mavazi ni ya stara, mjini na chuoni. Soma kanuni za mavazi kwenye kijitabu cha mwanafunzi kabla ya kununua nguo za kupeleka.

Mwezi wa Ramadhani ndio unaowapima zaidi wasiofunga. Mchana migahawa ya mitaani hufungwa na kula hadharani hairuhusiwi, kwa hiyo mwanafunzi asiyefunga apike alfajiri, ale ndani kwake, aheshimu jirani. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia kati ya Januari na Machi, wakati vyuo vingi viko kwenye mitihani ya muhula wa kwanza au mwanzo wa muhula wa pili. Basi asiye na jiko la kupikia ataingia kwenye chumba cha mtihani na njaa. Hesabu jiko dogo la gesi au la umeme katika vitu vya kwanza, lakini kwanza uliza kama dahalia inaruhusu. Wakristo wanaouliza pa kusali, na Dodoma wapo wengi, Waanglikana wana kanisa kuu Mkunazini na Wakatoliki wana Minara Miwili, yote Mji Mkongwe. Tena turudi palepale: aliye Vuga anakwenda kwa miguu, aliye Chwaka anavuka kisiwa.

Kiswahili hakitamshinda, ila shule ataisikia ikiitwa skuli, nyanya zitakuwa tungule na viazi mviringo vitakuwa mbatata. Mlenda na ugali wa mtama ataukosa, wali na samaki atauzoea. Ambalo hatalizoea upesi ni unyevu. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja na nguo hukauka kabla ya adhuhuri. Kule kuna vuli na masika, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, vyeti vinajikunja, na chumvi ya hewani inakula soketi za kompyuta za aliyepanga karibu na pwani. Weka vyeti kwenye mfuko wa plastiki mgumu unaofungwa, acha nakala zilizothibitishwa nyumbani, na usiache kompyuta karibu na dirisha linaloelekea baharini. Vifaa vya umeme unavyorudi navyo bara viwe na risiti, maana forodha bandarini wanaweza kuuliza.

Sasa kozi. Kisiwa kina mambo ambayo Dodoma haiwezi kumpa mwanafunzi. Anayesoma Kiswahili anakaa penye lahaja ya Kiunguja, ambayo ndiyo iliyochukuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Anayesoma utalii ana hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje za kufanyia mafunzo kwa vitendo, na Mji Mkongwe ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa kozi hizo mbili tungemwambia kijana wa Dodoma aende, na tungemsaidia kufunga mzigo. Kwa kijana anayetaka madini na miamba, au mipango ya maendeleo vijijini, UDOM na Chuo cha Mipango viko mlangoni pake na maeneo ya mafunzo yako humuhumu kanda ya kati. Kuvuka bahari kwa kozi ambayo chuo cha nyumbani kinaifundisha vilevile kunahitaji sababu nzuri kuliko kutamani kuona bahari.

Wa afya tunawaomba wasome aya hii mara mbili. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, ndiyo maana TCU inavisimamia vyuo vya pande zote na shahada ya SUZA ni halali bara. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina mabaraza yake ya taaluma za afya, na bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayesoma udaktari au uuguzi Mbweni akitaka kufanya kazi Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, aulize kabla ya kuthibitisha: mafunzo ya utarajali atayafanyia upande gani, mtihani wa baraza lipi atafanya, na usajili wa upande mmoja unatambuliwaje upande wa pili. Aulize mabaraza yenyewe, asiulize wanafunzi wa mwaka wa pili. Bima nayo iko hivyo. Kadi ya NHIF ya mwanafunzi ni ya mfuko wa bara na Zanzibar ina mfuko wake, ZHSF, basi chuo kitaje kwa jina hospitali zitakazopokea kadi atakayokuwa nayo.

Ajira za serikali pia ni milango miwili. Bara ni Sekretarieti ya Ajira, Zanzibar wana tume yao ya utumishi. Asiye Mzanzibari asitegemee kwamba kusoma kule kunampa nafasi katika utumishi wa kule. Sekta ya hoteli ni tofauti, huko wanaajiriwa watu wa kila mkoa.

La mwisho ni tarehe. Mwombaji wa kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4 kama kiwango cha chini cha TCU, na kozi nyingi hudai zaidi. Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja anapata namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Familia nyingi hutumia siku hizo kushangilia, kisha kijana anathibitisha jioni ya mwisho kwa kufuata rafiki. Kuhama chuo baadaye kuna masharti, kuna muda wake, na kunategemea nafasi kule unakokwenda. Basi simu ya kuuliza kampasi, dahalia na ratiba ipigwe kabla ya majina kutoka, saa za kazi, na anayepiga awe na kalamu. Namba ya laini ya kijana iliyosajiliwa kwenye maombi isibadilishwe wala kuachwa kwa mtu mwingine mpaka uthibitisho ukamilike, kwa kuwa namba ya siri inakuja kwenye laini hiyohiyo.

Walimu wa ushauri wa wanafunzi wa kidato cha sita,
Dodoma